Vuli Haiji Machi

Vuli ni mvua. Kabla wafasiri hawajaichukua na kuipeleka Ulaya, vuli ni zile mvua chache za Oktoba hadi Desemba ambazo Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania huzitolea utabiri kila mwaka, na mkulima huzipandia mahindi ya muda mfupi. Wafasiri waliona kwamba London na Berlin miezi hiyohiyo majani huanguka, wakasema basi na hiyo ni vuli. Kalenda zilifanana, na hakuna aliyeuliza zaidi.

Lipeleke sasa neno hilo Wetherill Park, magharibi mwa Sydney, kilomita 30 na ushee kutoka katikati ya jiji. Huko majira hayo huanza tarehe 1 Machi na kwisha tarehe 31 Mei, yaani ndani ya masika yetu barabara. Upande huo wa Sydney wamo Wakongo na Warundi wanaozungumza Kiswahili nyumbani, na redio ya SBS ina idhaa ya lugha yetu. Mfasiri akiandika kwenye tangazo la halmashauri kwamba mwezi wa Aprili kuna "burudani za vuli", mama aliyetoka Uvira ana haki ya kuuliza vuli gani hiyo. Ya kwao haiji Aprili. Na mvua yenyewe iko wapi?

Wapo waliolikwepa tatizo kwa neno mapukutiko. Neno limeumbwa vizuri, sina ugomvi na aliyeliumba: pukuta, pukutika, pukutisha, unasikia kabisa vitu vikidondoka kimoja kimoja mpaka tawi likabaki tupu. Lakini Wetherill Park ni nchi ya mikaratusi, na mkaratusi hauvui majani kwa kufuata tarehe. Unachovua ni gome. Inayogeuka rangi ni miti ya kigeni iliyopandwa kando ya barabara na kwenye nyua za watu. Sisi wenyewe pwani tuna mkungu, ambao jani lake pana huanza kuwiva kwenye ncha, likawa la manjano, likawa jekundu kama limepakwa rangi, kisha likalala mchangani chali. Watoto huyaokota wakachezea. Hakuna aliyewahi kufikiri kwamba kwa sababu ya mkungu dunia imeingia majira mengine.

Na pukutika lina upande wake wa giza. Ng'ombe hupukutika kwa ukame. Watu hupukutika kwa kipindupindu na kwa vita. Mtu ambaye ukoo wake umepukutika kweli, ukamwalika kwenye Siku ya Mapukutiko yenye maputo na ngoma, utakuwa umemfanyia kitu ambacho hukukusudia.

Mabaharia wetu walishalitatua jambo hili zamani. Mwaka wao una nguzo mbili, kaskazi na kusi, na katikati ya nguzo hizo kuna vipindi ambapo upepo mmoja umechoka na mwingine haujashika. Vipindi hivyo vina jina: maleleji. Wengine husema tangambili, kwa kuwa chombo chaweza kutweka tanga kwenda huku au kule. Maleleji hayadai mvua, hayadai majani, wala hayafungwi na mwezi. Yanadai kitu kimoja tu, kwamba hali iliyokuwapo inaondoka na nyingine inaingia. Basi mimi napendekeza maleleji ya baridi kwa majira yanayoelekea kwenye baridi, na maleleji ya joto kwa yale yanayoelekea kwenye joto. Maleleji ya baridi Sydney ni Machi hadi Mei. Toronto ni Septemba hadi Novemba. Neno halisogei hata kidogo, kalenda ndiyo inayozunguka.

Najua pingamizi litakalokuja: maleleji ni habari ya upepo, si ya joto na baridi. Ni kweli. Lakini kaskazi na kusi nazo zilikuwa habari ya upepo, na leo mtoto wa Dodoma ambaye hajawahi kuona jahazi anaonyesha kaskazini na kusini kwa kidole bila wasiwasi. Msimu nao ulitujia kutoka Kiarabu ukiwa majira ya kusafiria baharini, na Wazungu wakachukua neno lilelile wakaita pepo zetu monsuni. Sasa tuna msimu wa korosho na msimu wa ligi. Maneno ya baharini yamezoea kupanda nchi kavu.

Kwa wale wanaodhani ni sisi tu tunaobeba majina yasiyolingana na anga, nawapeleka Cabramatta, ambayo iko chini ya halmashauri ileile ya jiji la Fairfield inayosimamia Wetherill Park. Wavietnamu na Wachina wa huko husherehekea sikukuu yao ya mwezi mpevu, watoto wameshika taa za karatasi na wakubwa wanakula keki za mwezi. Kwao inaitwa sikukuu ya katikati ya majira hayohayo tunayoyatafutia jina. Huangukia Septemba au mwanzoni mwa Oktoba, wakati Sydney inaingia kwenye joto. Jina limevuka ikweta likakataa kugeuka, na kwa sikukuu ya kidini na ya mababu hilo ni haki yake. Tangazo la halmashauri halina haki hiyo.

Tuje kwenye mahali penyewe. Wetherill Park ni nini kwa Kiswahili? Kitongoji, wanasema wengi. Nchini Tanzania kitongoji ni sehemu ya kijiji yenye mwenyekiti wake, na anayekisikia huona migomba. Mtaa unafaa zaidi, lakini mtaa ni mdogo na Nairobi umebeba mitaa ya mabanda mgongoni. Neno lililosahaulika ni kiunga. Magazeti ya Kenya yanalo bado katika wingi, "viungani mwa jiji", ila wachache wanakumbuka kwamba kiunga hapo mwanzo ni shamba la miti ya matunda, bustani iliyo pembezoni mwa mji. Hebu tazama linavyokaa: Wetherill Park na majirani zake kama Horsley Park palikuwa mahali pa mashamba na bustani za mboga, Waitaliano wengi wakizilima, kabla viwanda havijaja. Kiunga kilichogeuka kiunga.

Na viwanda vilikuja kwelikweli. Eneo la viwanda la Smithfield na Wetherill Park ni miongoni mwa makubwa ya Australia. Hapa Kiswahili kina mzaha wake wa siri. Kiwanda na kiwanja ni ndugu, wote wamezaliwa na uwanda na uwanja, mahali peupe palipo wazi. Mmoja akaingia chini ya paa akafanya kazi, mwingine akabaki nje akicheza mpira. Familia za Wetherill Park huishi kati ya ndugu hao wawili: Ijumaa baba yuko kiwandani, Jumamosi mtoto yuko kiwanjani.

Sasa neno linaloniudhi kuliko yote: matukio. "Matukio ya jamii mwezi huu." Tukio ni jambo lililotukia, limeanguka juu yako bila kuulizwa. Polisi wamefika eneo la tukio. Shahidi amesimulia tukio. Ukiniambia kuna tukio Jumamosi saa nne uwanjani, nitauliza nani kaumia.

Hafla ni ya heshima mno. Neno la Kiarabu lenye maana ya mkusanyiko tu, lakini kwetu limevaa suti. Hafla ina mgeni rasmi, ina meza kuu yenye kitambaa na maua ya plastiki, ina mtu wa kusema itifaki imezingatiwa. Mtoto aliyepakwa uso wa chui hana nafasi kwenye hafla.

Tamasha ni zuri, na lina safari ndefu. Waarabu walikuwa na neno la kutembea pamoja, Waajemi wakaligeuza kutembea kwa ajili ya kutazama, Wahindi wakalipokea, nasi tukalipata kwa njia hizohizo za majahazi. Zanzibar imelitendea haki: kuna Tamasha la Nchi za Jahazi tangu 1998 na Sauti za Busara tangu 2004. Ila tamasha linahitaji jukwaa na watu wa kutazamwa. Palipo na meza sita, chungu cha supu na watoto wanaokimbizana, tamasha ni jina kubwa kuliko mwili.

Sherehe nalipenda kwa sababu ambayo wewe mpenzi wa maneno utaielewa mara moja. Fungua diwani za zamani, nenda mwisho wa kitabu, utakuta ukurasa umeandikwa "Sherehe", na chini yake maneno magumu yamefafanuliwa moja moja. Ni Kiarabu cha kufungua na kueleza. Kilichofungua maana kikafungua na kifua. Kwa hiyo makala hii nayo ni sherehe, ingawa hakuna pilau.

Lakini kwa jambo linalotangazwa kiungani naona lenye nguvu ni shughuli. Mtu wa Dar es Salaam akisema "kesho tuna shughuli", hujui kama anakwenda kazini au harusini mpaka aseme nguo gani anavaa. Huo si upungufu. Aliyewahi kuchambua mchele wa watu 200 usiku kucha anajua kwamba neno limesema ukweli wote. Shughuli za kiungani, kwa waandaaji, ni jasho. Kwa waalikwa, ni raha. Na neno moja linawahudumia wote.

Kuna neno moja tu linaloweza kulishinda, nalo linatoka Kongo. Kiswahili cha Bukavu na Goma kimechota fete kutoka Kifaransa, wengine hulitamka feti, na watu hufanya feti ya ubatizo, feti ya mtoto kufaulu, feti tu. Wapuristi wa Dodoma na Nairobi watakunja uso. Lakini shule za Australia nazo, kwa njia nyingine ya Kiingereza, zina siku ya michezo, keki na vitu vya mtumba wa hisani ambayo huiita fete, neno lilelile la Wafaransa. Mwanafunzi wa Kikongo anarudi nyumbani na karatasi, mama anaisoma, na neno tayari ni lake. Tukimlazimisha aseme "gulio la hisani la shule" tutakuwa tumemnyang'anya. (Gulio lenyewe, kwa wasiolijua, ni Kibantu safi: kugula ni kununua kwa Waganda na kwa Wasukuma. Tulihifadhi soko tukatupa kitenzi.)

Familia, je? Tangazo linasema "shughuli za kifamilia". Msomaji mwenye adabu ataacha kwenda. Kwetu jambo la kifamilia ni la wenyewe, watu wamefunga mlango, na jirani huambiwa "samahani, tuna mambo ya kifamilia" ili arudi zake. Neno linalokusudiwa kufungua geti ndilo linaloweka mlinzi. Aila la Waswahili wa pwani halisaidii, lina faragha ileile. Kaya ni ya watu wa sensa. Mimi ningeandika kama ambavyo bibi yeyote angesema: wakubwa kwa wadogo. "Shughuli ya wakubwa kwa wadogo." Hapo hata mjomba asiye na mtoto amekaribishwa.

Tuje sasa kwenye shughuli zenyewe. Australia hufungua majira haya kwa ufagio. Jumapili ya kwanza ya Machi ni siku ya kusafisha nchi nzima, iliyoanzishwa na baharia Ian Kiernan: mwaka 1989 walisafisha bandari ya Sydney, na 1990 ikawa ya taifa. Kuiita Siku ya Usafi ni rahisi, na Watanzania wataikumbuka tarehe 9 Desemba 2015, sherehe za uhuru zilipogeuzwa kuwa siku ya kufagia. Ugumu uko kwenye kuipa jina kazi ya wale wanaokuja kufagia kwa hiari. Msaragambo ni neno tamu la kazi ya pamoja, lakini nje ya Tanzania nani analijua? Umuganda ni wa Wanyarwanda. Na usithubutu kumwambia Mkongo mwenye umri kwamba ni salongo. Hiyo ni kazi ya lazima ya enzi za Mobutu, ambayo mtu hakuulizwa. Harambee ingefaa, kama wanasiasa wa Kenya wasingeifanya mchango wa fedha mbele ya kamera. Nabaki na kujitolea, kitenzi kisicho na mbwembwe: mtu anajitoa mwenyewe.

Tarehe 21 Machi huko ni siku ya watu wa asili mbalimbali kukaa pamoja, tangu 1999, na rangi yake ni ya chungwa. Utangamano ndilo neno. Wakenya wataguna kidogo, kwa kuwa walilisikia sana baada ya damu ya 2008 ilipoundwa tume ya uwiano na utangamano. Bado ni neno zuri.

Siku kumi na moja baadaye, tarehe 1 Aprili, Waashuri wa Fairfield hufungua mwaka wao mpya. Ni jamii kubwa hapo. Wetherill Park nzima husikia Kiashuri dukani na kwenye basi. Mwaka mpya katikati ya mwaka! Mfasiri wa haraka atashangaa. Mswahili hapaswi kushangaa, maana tunayo Nairuzi, iliyotujia na jina la Kiajemi la "siku mpya", na Makunduchi bado wana Mwaka Kogwa kila Julai. Pwani watu walioga mwaka baharini. Mabaharia walihesabu siku kutoka Nairuzi kwa makumi, kila kumi likiitwa mwongo, na mwongo huohuo leo tunaupa miaka kumi kana kwamba haukuwahi kuwa siku. Basi tusiandike "sherehe za mwaka mpya wa Kiashuri" kwa ukavu. Tuandike Siku ya Mwaka ya Waashuri, na msomaji wa Unguja atajiona yumo.

Pasaka nayo ina maonyesho makubwa ya kilimo ya Sydney, yenye ng'ombe waliochanwa manyoya. Ni Nane Nane. Ni shoo ya Mombasa. Hapa sina cha kupendekeza, tumeshinda.

Chakula kina mtego mmoja maarufu. Waaustralia wakikualika hukwambia uje na sahani, na wageni wengi wa nchi zote wamewahi kuingia ukumbini na sahani tupu, safi, wakasubiri kupakuliwa. Kiswahili kina dawa yake tayari: sinia. Hakuna Mswahili anayebeba sinia tupu kwenda kwa watu. Tunakula sinia, hatuli sahani. Neno limekwisha kujaa wali kabla halijatoka jikoni. "Njoo na sinia lako" haihitaji maelezo ya chini.

Soseji inayochomwa kwenye bati uwanjani, ikawekwa mshazari juu ya kipande kimoja cha mkate mweupe na vitunguu vilivyoungua pembeni, iitwe soseji choma na tusonge mbele. Vijana wa Nairobi walishapata smokie pasua bila kusubiri baraza lolote la lugha.

Chini kabisa ya tangazo utaona "kiingilio bure". Bure ni neno la hatari. Kazi bure, maneno bure, amekufa bure. Linasema hulipi, na papohapo linanong'ona kwamba huenda hakuna cha maana. "Hakuna kiingilio" ni safi, linaondoa kizuizi bila kukishusha thamani kilicho ndani.

Mwisho ni saa, na hapa walinzi wa lugha tumelala. Matangazo ya ughaibuni yanaandika "saa 5 jioni". Saa tano ina asubuhi na ina usiku. Haijawahi kuwa na jioni. Anayeandika hivyo ameitazama saa ya Kiingereza akaandika namba alivyoiona, na nusu ya wageni watafika watu wameshakunja meza. Saa kumi na moja jioni, basi. Ila Kiswahili kilipanga saa zake kwa jua la karibu na ikweta, ambako magharibi haiondoki mbali na saa kumi na mbili mwaka mzima. Sydney tarehe 1 Machi jua linazama kwenye saa moja na nusu. Jumapili ya kwanza ya Aprili, usiku wa manane, saa tisa inarudishwa kuwa saa nane. Mwishoni mwa Mei jua limezama kabla ya saa kumi na moja. Namba ni ileile kwenye tangazo la mwanzo na la mwisho wa majira, lakini moja ni ya mchana mweupe na nyingine ni ya kubeba tochi na koti la mtoto. Tuna maneno ya kulitenganisha hilo na tumeyaachia misikiti peke yake. Andika "saa kumi na moja, alasiri" kwa Machi, na "saa kumi na moja, magharibi" kwa Mei.